Ruthu Yumo Shambani Mwako

Ndugu zangu wa Litembo na Langiro, wa Maguu, Mbuji na Mkumbi. Nanyi wa Tingi na Kingerikiti. Nanyi mnaolala mkisikia Ziwa Nyasa kule Lituhi, Liuli na Mbamba Bay: fungueni Kitabu cha Ruthu, sura ya pili. Tumezoea kukisikia kwenye harusi. Leo nawaomba mkisome kama watu wa kahawa.

Mjane amevuka mpaka pamoja na mama mkwe wake aliyezeeka. Ni Mmoabu, mtu wa taifa ambalo Israeli hawakulipenda. Hana shamba wala mtu wa kumsemea. Msimu wa kuvuna shayiri umeanza, naye anaingia katika shamba la tajiri mmoja aitwaye Boazi na kuokota masuke nyuma ya wavunaji. Boazi anafika, anawasalimu wafanyakazi wake kwa jina la Bwana, wao wanaitikia, kisha anamuuliza msimamizi habari za yule mwanamke. Anaambiwa ni mgeni. Sasa tazameni anachofanya. Anawaamuru vijana wasimguse. Anamwonyesha mitungi ya maji anywe akiona kiu. Saa ya chakula anamkaribisha kuketi pamoja na wavunaji, na kwa mkono wake mwenyewe anampa bisi. Ruthu akabaki pale mpaka shayiri ikaisha, na ngano nayo ikaisha. Kitukuu cha mwanamke huyo ndiye Mfalme Daudi.

Hiyo ni habari ya kibarua wa msimu aliyetoka ng'ambo, na jina lake Mungu ameliweka katika ukoo wa Mwanawe. Nami nasema mbele yenu bila kuogopa uso wa mtu: kahawa ya Mbinga itapanda au itashuka kadiri tunavyomtendea Ruthu aliyemo mashambani mwetu. Kama hamniamini, njoni tuanze na mkono wake.

Tunda la kahawa huchukua kama miezi tisa tangu ua lipukutike hadi liwe jekundu. Matunda hayaivi yote siku moja. Kwenye tawi hilo hilo utakuta lililoiva, la njano, na bichi kabisa. Brazili wana tambarare wanakopitisha mashine juu ya mistari ya kahawa. Nani atapitisha mashine kwenye mteremko wa Litembo? Hapa ni vidole. Mchumaji anapita, anachagua jekundu, anaacha bichi, anarudi baada ya wiki mbili, anarudi tena, kuanzia Mei au Juni hadi Septemba na zaidi. Kilo sita hivi za matunda mabivu ndizo zinazotoa kilo moja ya kahawa safi. Na kilichochumwa leo kimenywe leo. Kikilala ndani ya gunia kinaanza kuchacha, na uchachu huo hautoki hata ukikiosha kwa maji yote ya mto Ruhuhu. Baada ya kumenya kuna kuvundika, kuosha, kuanika juu ya vichanja, kugeuza, kufunika jua la saa sita linapochoma na kufunika tena mvua ikinyemelea, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 au 12. Mwonja kahawa anapoketi mezani Moshi au Yokohama na kuvuta ile kahawa kwa kijiko, anaonja uamuzi wa vidole vya mtu ambaye hatamwona kamwe. Akikuta ladha ya majani mabichi, anajua mtu alichuma bichi. Akikuta ladha ya kuchacha, anajua gunia lililala. Yote yaliyofanyika gizani kwetu yanatangazwa pale mezani.

Na huyo mwenye vidole tunamlipaje? Tunamlipa kwa debe.

Sikilizeni, wakulima. Ukimlipa mtu kwa debe, umemwambia kwa fedha yako kwamba unachotaka ni debe lijae. Atalijaza! Atakamua tawi zima, jekundu kwa bichi, majani yakiwemo, kwa sababu mtoto wake anakula kwa debe na hali kwa rangi ya tunda. Kisha wewe unasimama kwenye mtambo wa kumenyea, unaona ubichi, unamtukana. Wa kutukanwa ni nani? Wewe ndiye uliyetaja bei ya ujazo, na ujazo ndio uliouziwa. Mlipe kwa kilo ya tunda jekundu lililochambuliwa. Mwongezee bei akileta safi. Mchumaji hana haja ya semina ya siku tatu ili aelewe hilo. Ataelewa jioni ile ile fedha itakapohesabiwa kiganjani.

Nabii Malaki, katika sura yake ya kwanza, anawakemea makuhani wanaomtolea Mungu wanyama vipofu na vilema, kisha anawauliza kama liwali wao angekubali zawadi ya namna hiyo. Mimi husoma sura hiyo nikifikiria magunia yetu. Tunamtolea Mungu sadaka ya mavuno kanisani, kapu limepambwa kwa maua, na tunda jekundu liko juu ya kapu ambapo padri ataliona. Katikati ya gunia linalokwenda mnadani tumeficha takataka. Hata Amosi, sura ya nane, aliwaona wauzaji wa makapi ya ngano. Dhambi hii ni ya zamani kuliko kahawa.

Lakini nisiwapige wakulima peke yao, maana kuna jambo limekaa nyuma ya debe, nanyi nyote mnalijua. Linaitwa magoma.

Mwezi wa pili au wa tatu ghala ni tupu, ada ya shule inadaiwa, mgonjwa yuko hospitalini. Kahawa iko mtini, bado kijani. Anakuja mwenye fedha, anainunua hivyo hivyo ikiwa mtini, kwa bei ya kusikitisha. Msimu ukifika, shamba ni lako lakini kahawa si yako. Utaipenda vipi? Utapita mara nne kuchagua jekundu la mtu mwingine? Na fedha ya kulipa wachumaji utaitoa wapi, wakati mauzo yako uliyala Machi? Unachuma kwa siku chache, yote kwa mpigo, pamoja na mkeo na watoto uliowatoa shule. Watu wenye elimu wanaandika kwamba tatizo letu la ubora ni ukosefu wa utaalamu. Nakataa. Watu wa milima hii ya Umatengo wanajua kahawa kuliko walimu wao wengi. Kinachokosekana ni shilingi ya kumlipa mchumaji Juni kabla ya mauzo ya Septemba, na anayeikosa anaanguka mikononi mwa magoma. Mwaka 2018 serikali iliwatoa wanunuzi binafsi vijijini na kuamuru kahawa yote ipitie vyama vya ushirika, vile tunavyoviita AMCOS. Vema. Lakini kumfukuza mnunuzi mlangoni hakumlishi mwenye njaa aliyeko ndani. Mpaka AMCOS iwe na mfuko wa kumkopesha mwanachama ujira wa kuchuma, magoma yatakuja usiku kwa njia ya nyuma, na yanakuja.

Torati inasema nini? Kumbukumbu la Torati, sura ya 24: kibarua maskini alipwe siku ile ile, jua lisitue kabla hajapokea, awe ni ndugu yako au awe ni mgeni aliyeko katika nchi yako. Yakobo katika sura ya tano anasema ujira uliozuiliwa na wenye mashamba unapiga kelele, na kelele za wavunaji zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ndugu zetu Waislamu nao wamefundishwa kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Basi ni nani katika Mbinga hii, wa dini gani, atakayenionyesha andiko linalosema kibarua angoje mpaka malipo ya pili ya ushirika?

Sasa tushuke ziwani, kwa maana akina Ruthu wetu wengine wanatoka huko.

Kuna Mbinga iliyoko kwenye ramani za ofisini na kuna Mbinga ya watu. Kwenye karatasi, soko la pamoja la ajira ni la Jumuiya ya Afrika Mashariki: itifaki ilisainiwa Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na inazungumzia wafanyakazi kuvuka mipaka kati ya nchi wanachama. Mlango huo unatazama Nairobi, Kampala na Kigali. Lakini simama pale Liuli jioni na utazame mbele yako. Unaitazama Malawi. Shuka hadi Chiwanda, Msumbiji iko jirani. Kisiwa cha Likoma cha Malawi na Cobué ya Msumbiji viko karibu na Mbamba Bay kuliko Arusha ilivyo karibu na mtu yeyote wa Ruvuma. Malawi na Msumbiji hazimo katika Jumuiya hiyo. Tunakutana nazo katika SADC, na itifaki ya SADC ya kurahisisha watu kusafiri, iliyosainiwa mwaka 2005, imekaa miaka mingi ikikosa idadi ya nchi za kuiridhia ili ianze kazi. Kwa hiyo mtengamano wetu umefungua mlango wa mbali na kusahau wa jirani.

Na huyu jirani si mgeni! Mpaka wetu na Malawi tuliwekewa na mkataba wa Heligoland wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Wajerumani na Waingereza, watu ambao hawakuwahi kula mbasa. Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro pale Likoma lililea Wakristo wa pande zote za ziwa, na meli ya Chauncy Maples, tangu mwaka 1901, ilibeba walimu na wagonjwa kutoka pwani hii kwenda pwani ile bila kuuliza kabila. Wavuvi wa usipa wanavuka. Bibi harusi anavuka. Msiba unavuka. Ni kibarua tu anayevuka kwa kuiba.

Wazee wa ufukweni wanajua kwamba soko la ajira la kikanda lilikuwepo zamani, na lilikuwa baya. Wenela, wale waandikishaji wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, walichukua vijana wa pande hizi. Wengine walirudi na baiskeli, wengine walirudi na kifua kilichojaa vumbi, wengine hawakurudi. Wanaume wa Songea walipelekwa Tanga kukata mkonge kama manamba, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya uandikishaji iliyojulikana kama SILABU. Kahawa iliyoanza kupandwa Umatengo miaka ya 1920 iliwapa wanaume wa milimani njia ya kulipa kodi bila kuacha nyumba zao, na hiyo ni neema ambayo hatuishukuru vya kutosha. Baada ya uhuru Tanganyika ilifunga uandikishaji wa Wenela, na ilifanya haki. Katika mpango ule mwili ulivushwa mpaka na haki ikaachwa nyumbani. Mtu alikuwa mkono tu. Je, sisi tuliolia chini ya nira hiyo, sasa tumekuwa wenye shamba, tutawafanyia wengine vivyo hivyo?

Nasikia mnong'ono: "Padri, wakija wa Malawi na Msumbiji watachuma kwa bei ndogo, na vijana wetu watakosa kazi." Ni neno la kweli lenye uchungu, na sitalikejeli. Lakini fikirini. Mgeni anakubali bei ndogo kwa nini? Kwa sababu hana karatasi. Akipunjwa hawezi kwenda kwa mtendaji wa kijiji, akipigwa hawezi kwenda polisi, akiugua anafukuzwa. Mwajiri mwovu anamtaka huyo hasa, asiye na karatasi. Hofu ya huyo mgeni ndiyo inayoshusha bei ya kijana wako wa Kigonsera. Mpe mgeni karatasi na ujira ule ule, na mwajiri hatakuwa na sababu ya kumpita mwenyeji. Walawi 19 inaamuru mgeni awe kwenu kama mzalia. Wengi huona hapo ukarimu. Mimi naona ulinzi wa mzalia mwenyewe.

Sivunji sheria hapa madhabahuni, wala siwafundishi kuvunja. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka kila mgeni awe na kibali cha kazi, na hiyo ndiyo sheria ya nchi. Ninachowaambia wabunge wetu wa Mbinga na Nyasa ni kwamba mchumaji wa wiki sita hawezi kupitishwa lango lile lile la mhandisi wa miaka miwili. Hana ada, hana vyeti, hana mtu wa kumshughulikia Dodoma. Ombeni kibali cha msimu kinachotolewa wilayani, chenye jina, picha, shamba, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Ombeni wenzenu wa Malawi na Msumbiji watoe vivyo hivyo kwa vijana wetu. Aprili 2025 tuliona jinsi ujirani unavyoweza kuchafuka: Malawi ilikuwa imezuia baadhi ya mazao yetu, nasi tukazuia ya kwao, mizigo ikaoza mipakani, na baada ya siku chache za mazungumzo zuio likaondolewa. Waliokula hasara ni akina mama wa ndizi na nyanya. Wakubwa walipeana mikono.

Tena wa ng'ambo wana jambo la kutufundisha. Ng'ambo ile, katika milima ya Misuku na jirani zake, wakulima wadogo wanalima arabika kama yetu na kuiuza kupitia ushirika wao wa Mzuzu, nyingine ikiwa imekaangwa na kufungwa kwenye pakiti yenye jina la Mzuzu. Jina lao wenyewe! Je, mnajua kahawa yetu inaitwaje Japani? Huko, kwa kanuni za wafanyabiashara wao, arabika iliyooshwa ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, isipokuwa ya Bukoba. Bibi wa Mbuji amechuma, ameosha, ameanika, na mnywaji wa Tokyo anausifu mlima ambao bibi huyo hajawahi kuuona. Siwaonei wivu Wachaga. Jina limewasaidia wote. Nasema tu kwamba mtu asiyejua jina lako hatakulipa kwa ajili ya uangalifu wako. Na Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu haikuwa na viwanda vya kuoshea kahawa. Ikajenga, ikafundisha vijana wake kuonja, na mwaka 2008 ikawa nchi ya kwanza Afrika kuendesha mashindano ya Cup of Excellence. Ile itifaki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ingetumika ipasavyo, mwonja kahawa wa Kigali angekuwa anafundisha Mbinga mjini msimu huu, na fundi wetu wa mitambo ya kumenyea angekuwa Nyeri akijifunza. Mkono unaosafiri na ujuzi wake ndio huinua mazao ya nchi mbili kwa pamoja. Tunaagiza mashine kutoka mbali na kumwogopa mwalimu wa karibu.

Februari 2025 viongozi wa nchi za Afrika zinazolima kahawa walikutana Dar es Salaam, na mada yao ilikuwa ajira za vijana kupitia kahawa. Nilifurahi. Lakini kijana gani? Yule wa Ngima anayetazama malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yakipita kwenda Songea na Mtwara, na kumwona utingo akishuka na noti mfukoni? Mwambie kijana huyo achume kahawa kwa debe alipwe Novemba, atakucheka. Ana haki ya kucheka. Anakwenda kwenye makaa, anakwenda Dar kuendesha bodaboda, na shambani anabaki bibi na watoto. Watoto! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na sisi bado tunaona madarasa yamepungua watu mwezi wa saba. Msiniambie ni mila ya kumfundisha mtoto kazi. Mtoto anayechuma Jumamosi na mama yake anajifunza kazi. Mtoto anayechuma Jumanne wakati wenzake wanahesabu, huyo analipa deni la magoma.

Na kijana akiondoka, mlima nao unaondoka. Hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo linaloniumiza.

Babu zetu walibanwa kwenye miinuko hii na vita vya Wangoni karne ya 19, wakabuni ngoro. Wataalamu wamekuja kutoka Sokoine, na hata Kyoto, kuzisoma. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mwanamke anazifukia kwa udongo, na katikati linabaki shimo. Mvua ikija inatulia ndani ya shimo, nyasi inaoza na kuwa mbolea, udongo haushuki. Mahindi na maharage yametoka kwenye mashimo hayo miaka mingi bila mlima kuchubuka. Lakini ngoro ni kazi ya watu wawili na wengi, si ya bibi mmoja mwenye mgongo. Nguvu ikipungua, ngoro inaachwa, matuta ya haraka yanachukua nafasi yake, na udongo unaanza safari. Unakwenda wapi? Unateremka kwenye vijito, unaingia Ruhuhu, unafika ziwani Lituhi. Na mbasa, samaki mnayemjua ninyi wa ufukweni kuliko mimi, hupanda mito kama Ruhuhu kutaga. Akikuta mchanga wa mto umefunikwa na tope, anataga wapi? Wavuvi wanalalamika samaki wamepungua, na wanalaumiana kwa nyavu. Nyavu zina makosa yake. Lakini sehemu ya samaki wale tumewaua huku juu, kwa jembe la haraka la mtu aliyekosa msaidizi, na kwa maji machafu ya kumenyea kahawa tunayoyaachilia kijitoni bila shimo la kuyapokea.

Huo ndio uchumi wenyewe, wapendwa. Ujira wa kibarua wa Langiro na kitoweo cha Lituhi vinatoka mfuko mmoja.

Wazungu nao sasa wanauliza. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2023 ya kukataa kahawa iliyolimwa kwenye msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kuitumia imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini itakuja, na kila shamba litapaswa kujulikana lilipo. Mabwana shamba wanazunguka na simu wakipima mipaka. Sipingi, msitu ni wa Mungu, na Papa Fransisko alituandikia hivyo mwaka 2015 katika Laudato Si'. Ila naona ajabu kwamba shamba lenye miti mia tatu litakuwa na alama yake angani, na mwanamke aliyelichuma hana hata jina lake kwenye daftari la msimamizi. Boazi aliuliza habari za Ruthu. Alitaka kujua ni nani. Haki ilianzia kwenye swali hilo.

Bei haiwezi kuwa kisingizio tena. Mwaka 2001 dunia ililipa chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili ya arabika, na wengi mling'oa mibuni kwa hasira, sikuwalaumu. Februari 2025 ratili hiyo hiyo ilivuka dola nne, bei ambayo soko la New York halikuwa limewahi kuiona. Fedha ilikuja. Nilitembea vijijini nikaona mabati mapya na pikipiki mpya, nikamshukuru Mungu. Kisha nikauliza ujira wa debe umepanda kiasi gani. Watu wakatazama miguu yao.

Wenyeviti na makatibu wa AMCOS, nasema nanyi kwanza, kwa kuwa ufunguo uko mikononi mwenu. Kabla ya Mei, iteni mkutano mkuu. Tengeni mfuko wa ujira wa kuchuma, mkubaliane bei moja ya kilo ya tunda jekundu kwa kijiji kizima, mwandike kwenye muhtasari, mbandike kwenye mlango wa ghala kwa herufi ambazo hata mgeni ataweza kuzisoma. Daftari liwe na jina la kila mchumaji, la mwenyeji na la mgeni. Atakayekutwa akikata kilo za mtu kwa ujanja wa mizani atolewe kwenye uongozi, hata akiwa mfadhili wa kwaya.

Ninyi wenye mashamba makubwa, jengeni choo na banda la kulala wachumaji kabla ya kununua gari jingine. Mitungi ya maji ya Boazi haikuwa ya gharama.

Wanaushirika wa Nyasa, msiwafiche jamaa zenu wa ng'ambo kwenye mitumbwi usiku kama magendo. Wapelekeni kwa mtendaji mchana, mkawatambulishe. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni lami, na bandari mpya inajengwa. Dunia inakuja kwenu, mkae mkijua mtaipokea kwa sheria gani.

Vijana, bakini. Sisemi mbaki kwa mapenzi ya mlima. Mapenzi hayanunui sabuni. Bakini kwa masharti. Simameni kwenye mkutano mkuu mdai bei ya jekundu, mdai nafasi ya kujifunza kuonja kahawa, mdai mkopo wa miche ya chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Ugano, isiyouawa na ugonjwa wa chulebuni. Wazee wakiwanyima, rudini mkutano unaofuata mkadai tena.

Nasi makasisi na walei wa parokia tuna mashamba ya kanisa. Msimu ujao, wachumaji wa mashamba hayo walipwe jioni ile ile, kwa kilo, mwenyeji na mgeni sawa. Parokia itakayoshindwa kufanya hivyo isiniite kuhubiri sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi.